Nimechukua Ile ya Ndimu

Baba Nakiru,

Kama huko uliko kuna kivuli, kaa. Nina maneno mengi na mengine hutayapenda.

Nakuandikia mchana, watoto wamelala kwa sababu ya joto. Ndiyo, nimesema watoto. Uliniacha na mmoja mkononi na mmoja tumboni, na huyo wa tumboni alitoka wiki ya tatu baada ya kukuzika. Ni mwanamume. Kichwa kikubwa kama chako, sauti kubwa kuliko yako. Mama yako alitaka aitwe Ekai, jina lako. Nikamwambia hapana, hilo jina bado lina moto, mtoto ataungua. Nimemwita Ewoi. Ananyonya kama mtu aliyeambiwa maziwa yanaisha leo. Mimi nimekonda, usiulize.

Kazi ninayo ile ile, kudeki ile nyumba ya wageni hapa Lodwar. Nywele walizoninyoa siku ya kukuzika zimeota, sasa zinashikika. Shanga walizonivua bado ziko kwenye kopo. Nitakueleza habari za shanga baadaye.

Kwanza ujue hili. Mdogo wako Lokol alikuja hapa nyumbani amevaa harufu yako.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mama yako alikuwa amekuja kutoka Kakuma kumwona mjukuu, amekaa mlangoni anamnyoosha Ewoi miguu. Nakiru anapanga vifuniko vya soda kwenye mchanga. Mimi niko jikoni nasonga ugali. Kabla sijamwona Lokol, pua yangu ilikuona wewe. Mwiko ukabaki hewani. Ile harufu ya mti mkavu, yenye utamu kidogo kwa chini, iliingia jikoni vile ulivyokuwa unaingia ukitoka kazini, unafunua sufuria kabla hujasalimia mtu. Nikasema moyoni, amerudi. Miguu yangu ikaanza kwenda. Sikuiambia iende.

Na mimi najua nilikozika hiyo harufu. Chupa yetu ilikuwa na kidogo kimebaki, nikaimimina yote kwenye shuka waliyokufunika. Mama yako aliniona. Nikajua hiyo nayo imeingia kaburini, basi.

Nilipofika mlangoni nikamkuta Lokol, na Nakiru ameshamfikia. Amemkumbatia magoti, ameuficha uso wake kwenye suruali, anasema, "Apaa. Apaa. Apaa." Tangu ile siku ya mazishi mtoto huyo hakuwa amemwita mtu yeyote baba.

Mama yako aliinuka na Ewoi mikononi, akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. "Mmeona! Mtoto amemjua baba yake!" Lokol akasimama pale, mikono inaning'inia, hasemi kitu. Mimi nikarudi jikoni, ugali umeshika chini.

Kufikia kesho yake wazee wa ukoo kule Kakuma walikuwa wamepata habari. Unawajua wazee wenu. Mtu anayesoma utumbo wa mbuzi akakuambia mvua itatokea upande gani, utamweleza nini kuhusu mtoto wa miaka miwili na nusu? Ikasemwa mtoto amechagua. Ikasemwa marehemu mwenyewe ameonyesha kidole. Lokol ataingia kwenye nyumba ya kaka yake. Wakapanga siku, nyumbani kwa mama yako, baada ya wiki tatu.

Hakuna aliyeniuliza. Nilipigiwa simu nikaambiwa siku, kama mtu anayeambiwa siku ya chanjo.

Nataka uelewe uzito wake, maana wewe ulikuwa mwanamume na mambo haya yalikupita juu ya kichwa. Nikikubali, nahama Lodwar, naacha kazi, naenda kuwa mke wa pili wa Lokol ambaye mke wake wa kwanza na watoto watatu tayari wanalala wamebanana. Nikikataa, mifugo ya mahari ilishafika kwa baba yangu zamani, na watoto ni wa ukoo wenu. Mimi naweza kwenda popote ninapotaka. Nakiru na Ewoi wabaki. Hivyo ndivyo shangazi yako alivyoniambia, kwa upole kabisa, huku ananimenyea kitunguu. "Mama Nakiru, kwani Lokol ana kasoro gani? Si ni damu ile ile?"

Damu ni ile ile. Mtu ni mwingine.

Wacha nikukumbushe tulivyoyanunua hayo marashi, maana huenda umesahau na mimi sijasahau hata kidogo.

Ulikuwa umemaliza kutengeneza pampu ya kisima kule kambini Kakuma, na ukasema mke wako hatalala tena na mtu anayenuka grisi. Ukanipeleka kwa Mama Rebeka, yule mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha mabati, anayemimina marashi kutoka chupa kubwa kuingiza kwenye vichupa vidogo. Hayakuwa marashi ya watu wakubwa. Yalikuwa ya watu kama sisi. Akatuwekea mbili mezani. Moja ya ndimu na maganda ya machungwa, nyingine ya mti. Tungeweza kuchukua moja tu, ya kutumia wote wawili.

Mimi nilitaka ya ndimu. Wewe ulitaka ya mti.

Mama Rebeka hakutuacha tuchague pale pale. Yeye hauzi hivyo. Akachovya pamba, akanipaka mimi ndimu mkononi, wewe akakupaka ya mti shingoni, akatufukuza. "Pua ni mwongo," akasema. "Hapa Turkana jua ndio inachagua. Enda tembea, kunywa chai, jua ikigeuka rudi, ambia mimi nani amebaki." Tukaenda. Tulikunywa chai kwa yule Msomali, ukala mahamri manne. Kabla hatujamaliza, mkono wangu ulikuwa hauna kitu. Nikanusa, nikanusa, nikatia pua mpaka ngozini. Wewe unacheka, makombo yanaruka. "Ndimu yako imeshapanda gari la Lokichoggio, mama. Yangu bado iko hapa na mwenyewe."

Nikakuambia nimeolewa na kabati.

Tukachukua ya mti. Na miaka yote hiyo, kila ukijipaka nilikuwa nauliza kama nikufungue mlango nitoe vikombe. Nawe unasema, "Fungua, kuna sukari ndani." Sikuwahi kuipenda ile harufu, Baba Nakiru. Nilikupenda wewe uliyekuwa chini yake. Nimechelewa kuyatenganisha hayo mawili.

Basi nilipopokea ile simu ya siku iliyopangwa, nilimwachia jirani Nakiru, nikamfunga Ewoi mgongoni, nikaenda Kakuma kwa Mama Rebeka. Nilipita ile laga, ule mto wa mvua uliokuchukua. Ilikuwa kavu kabisa, mbuzi wamelala katikati yake. Niliiangalia mpaka ikaisha. Nilikuambia kwenye simu ungoje maji yapungue. Ukaniambia, "Haya ni maji ya magoti." Pikipiki waliipata upande huu, wewe walikupata mbali. Maji ya magoti! Nimekukasirikia mwaka mzima kwa maneno hayo matano na nitaendelea. Usidhani nilikuja kukusamehe kwenye karatasi.

Mama Rebeka aliponiona akaweka mkono kifuani. Hakuwa ameniona tangu msiba. Nikamuuliza moja kwa moja kama kuna mtu alikuja kununua ya mti. "Kijana mrefu," akasema. "Yeye sema, nataka ile ya fundi wa pampu. Mimi naona uso ni ile ile, nikajua ni ndugu. Nikalia kidogo, nikampa. Nimekosea?" Nikamwambia hajakosea, yeye ni muuzaji. Lakini nikamweleza yaliyotokea, mtoto na magoti na kigelegele. Akafunga macho. "Ya Rabi," akasema.

Halafu akaniwekea zile mbili mezani. Sikumwomba. Akasema, "Sasa wewe. Chukua yenu. Mke wa marehemu anashika harufu ya bwana, inamlinda." Na mkono wake ulikuwa tayari kwenye chupa ya mti.

Nikamwambia anipake zote mbili, ndimu kushoto, mti kulia, niende jua lichague.

Nilizunguka soko lote la kambi na Ewoi mgongoni. Ile ya ndimu ilikuwa kama maji ya bomba yanaporudi baada ya wiki kavu, yale ya kwanza yanayokurukia usoni. Nilisimama katikati ya watu wanauza viatu, nikacheka peke yangu. Ile ya mti ilitulia tu, kama mgeni aliyeshapewa kiti, haina haraka. Nilikaa mahali nikamnyonyesha Ewoi. Jua likageuka. Nikanusa mkono wa kushoto, ndimu imeshaenda, vile vile kama siku ile. Iliyobaki ni jasho, maziwa, na ile dawa ya kudeki ambayo haitoki hata nioge vipi. Ilikuwa ni mimi. Nikanusa wa kulia. Ulikuwa ni wewe, wote, mpaka kwenye kiwiko. Nikawaza nitakavyoamka kila siku, naosha vyombo, nabeba watoto, nusu yangu maiti.

Nisamehe kwa neno hilo. Silifuti.

Nikarudi kwa Mama Rebeka nikasema nachukua ya ndimu. Akanishangaa. "Hii inakimbia, sista. Saa moja, imeisha." Nikamwambia, "Ikimbie. Mimi nabaki." Akanimiminia, akajaza mpaka shingo ya kichupa. Tulipoagana akachovya pamba kwenye ile ya mti, akaifunga kwenye karatasi, akanitia mkononi. Ya kumbukumbu, akasema. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mama huyo. Nikaichukua.

Nilipofika nyumbani niliiweka ile karatasi juu ya mtungi wa maji, ule wa njano, nikaisahau. Kesho yake nimetoka nje kuanika nguo, nikirudi namkuta Nakiru amekaa chini, ameukumbatia mtungi. Karatasi imefunguka, pamba iko mapajani mwake. Shavu lake liko kwenye plastiki. Anausemesha, "Apaa, Apaa," na kimkono kinaupigapiga ule mtungi mgongoni, taratibu, vile vile ulivyokuwa unampiga yeye ukimlaza.

Nililia mpaka Ewoi akanyamaza kulia ili anisikilize.

Halafu nikaacha kulia. Nikauangalia ule mtungi. Nikaona kwamba wazee wenu wanataka kunioza kwa kitu ambacho hata mtungi wa lita ishirini unaweza kukifanya.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinitetee wala usinilaumu mpaka mwisho. Unajua mtu haendi mbele ya wazee mikono mitupu. Unaenda na tumbaku. Nilinunua tumbaku nzuri, ile ya kutafuna, nikaifunga kwenye kitambaa, ile pamba nimeificha kwenye pindo, nikaikaza kwa fundo, nikaiacha hivyo siku tatu. Nilifanya makusudi. Nikiulizwa na padri nitasema makusudi.

Siku yenyewe walikaa wanne chini ya turubai nyumbani kwa mama yako, kwenye vile viti vyao vidogo. Mzee Lomuria ndiye mkubwa, yule aliyetusimamia sisi wawili tukioana. Wanawake wamekaa upande wao. Lokol amekaa peke yake mbele, amevaa shati jeupe, na amejipaka, eh, amejipaka. Kwenye joto lile ilikuwa imegeuka, inanuka kama duka la mbao lililomwagikiwa na soda. Wakaomba. Nikasogea, nikapiga goti, nikampa mzee Lomuria tumbaku.

Akafungua. Akanusa. Akakunja uso wote. "Mama Nakiru, tumbaku gani hii inanukia kama bibi harusi?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mzee, tumetoka nayo mbali." Tumbaku haikataliwi. Akachukua yake, akaisugua viganjani vile wanavyofanya, akapitisha kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka wa nne. Kila mmoja anasugua, anatafuna, anakohoa, anapangusa mikono kwenye shuka yake. Mmoja akasema, "Vijana wa siku hizi wameharibu hata tumbaku." Nikarudi kukaa.

Wakasema yao. Marehemu alikuwa mtu mzuri. Nyumba haiwezi kukaa wazi. Mtoto ametuonyesha njia. Nikaomba nafasi ya kusema. Mzee Lomuria akasema, "Sema, mwanangu, lakini kwa ufupi, jua ni kali."

Nikasema, "Wazee wangu, mimi sibishi na mtoto. Mmesema amechagua. Basi achague tena hapa, mbele yenu wote, tuone kwa macho."

Wakaangaliana. Hawakuona ubaya. Mama yako akasema kwa sauti, "Mwache achague!" Alikuwa na hakika, Ekai. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Hilo ndilo jambo lililoniuma zaidi siku ile.

Nikamweka Nakiru chini.

Alisimama akatuangalia. Pua yake ikacheza, unajua vile inavyocheza. Akaanza kutembea, si kwa Lokol, kwa mzee Lomuria aliyekuwa karibu. Akaushika mkono wa mzee, akaunusa, akauweka shavuni. "Apaa."

 Mtu mmoja nyuma akapiga kicheko. Nakiru akaachia mkono, akaenda kwa mzee wa pili, akashika shuka yake. "Apaa." Wa tatu. "Apaa." Mzee wa nne alijaribu kusogeza kiti chake nyuma, mtoto akamfikia. "Apaa." Mwisho akafika kwa Lokol. "Apaa."

Kutoka upande wa wanawake mke mdogo wa mzee Lomuria akasimama, mikono kiunoni. "Weh! Huyo mzee anatosha! Sisi tuko watatu na bado hajamaliza kutulisha. Mama Nakiru, tafuta mwingine!" Wanawake wakaangukiana. Hata shangazi yako, yule wa kitunguu, alikuwa anafuta machozi. Mzee Lomuria anapiga fimbo chini, "Nyamazeni! Nyamazeni!" na mashavu yake mwenyewe yanatetemeka.

Nikaenda nikachukua kitambaa cha tumbaku, nikaonyesha ile pamba. Nikawaeleza yote, Mama Rebeka, chupa, mtungi wa maji. Nikasema, "Wazee wangu, mtoto hakuchagua mtu. Alichagua kichupa. Kama kichupa ndicho kinachorithi mke, basi leo nimerithiwa na wanaume watano na mtungi mmoja."

Nilikuwa bado nasema, sauti yangu iko juu, najisikia kama askari. Kisha nikamwona Nakiru.

Alikuwa amebaki katikati, peke yake. Anamwangalia huyu, anamwangalia yule. Wote wananukia baba yake na hakuna hata mmoja aliye na uso wake. Mdomo ukaanza kupinda. Akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia, hata siku ya mazishi, maana siku ya mazishi hakuelewa. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Nilimbeba. Alinipiga ngumi kifuani na akanishikilia, vyote pamoja. Hilo nimelifanya mimi kwa mikono yangu. Wazee sijawakosea. Lokol sijamkosea. Wewe sijakukosea. Nakiru nimemkosea, na nitamwomba msamaha siku atakayoweza kuuelewa. Lakini ukiniuliza kama ningerudia, ningerudia, maana bila hivyo angelia hivyo miaka kumi badala ya mchana mmoja.

Lokol akasimama. Sikumtarajia asimame. Alisema akiangalia chini, "Sikuipaka kwa hila. Nilimkosa kaka. Nilitaka tu nimsikie siku moja, kwenye shati langu. Mtoto alipokuja magotini nilipaswa kusema. Nikanyamaza." Akakaa. Nimemwamini nusu ile ya kwanza yote. Ile ya pili, ya kunyamaza, nimemwekea moyoni. Mtu anaweza kukulilia kwa kweli na bado akatamani nyumba yako. Nadhani hata yeye hajui mpaka uko wapi.

 Mama yako alinyoosha mkono kunielekea. Nilidhani anamtaka mtoto. Alikuwa anataka kile kitambaa. Nikampa. Akaifunika pua yake, akainama hivyo mpaka shughuli yote ikaisha, na hakuna aliyemsumbua. Hakunirudishia. Sikuomba.

Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Kisha mzee Lomuria akasema watoto ni wa ukoo, hilo halibadiliki, na mama yao ni wa watoto, hilo nalo halibadiliki, kwa hiyo watakaa Lodwar pamoja naye, na shule zikifungwa waje waone bibi yao. Lokol ni baba mdogo. Aje kama baba mdogo, mchana, abishe hodi. Kisha akanitoza faini ya tumbaku nyingine, isiyonukia. Nimeshaipeleka. Alifungua akanusa kwanza.

Basi ndivyo ilivyo. Shanga nimezitoa kwenye kopo, nimevaa nusu, nyingine nitaongeza kidogo kidogo, shingo ikizizoea. Ndimu napaka asubuhi kabla ya kwenda kazini, tone moja nyuma ya kila sikio. Jirani mmoja alinisimamisha njiani, yule wa nyumba ya bluu, akasema mjane anayenukia anatafuta. Nikamwambia ni kweli mama, natafuta usingizi, ukiuona uniitie. Kanisani kuna mmoja alihamisha kiti. Ahame. Viti vingi.

Na wewe pia, usinitazame hivyo. Najua ungesema nini, gari la Lokichoggio. Ulinishinda siku ile kwa sababu tulikuwa wawili na chupa moja. Siku hizi chupa ni yangu. Lokol alikuja juzi, alibisha hodi, akaleta samaki, ananuka sabuni ya kipande kama kila mtu. Nakiru alimwangalia, akamwita "baba mdogo" kama nilivyomfundisha, akarudi kwenye vifuniko vyake.

Halafu jana, nikiwa namwogesha, aliniuliza. Hajawahi kuuliza. "Apaa ako wapi?" Mama yako humwambia umesafiri. Shangazi humwambia umelala. Mimi nilikuwa na sabuni mikononi na nilikuwa nimechoka, na nikamwambia vile ilivyo. Nikasema, "Alikufa. Maji yalimchukua pale laga. Alikupenda, na harudi." Akafikiria. Akauliza kama maji ya beseni nayo yanachukua watu. Nikamwambia haya hapana, haya nimeyashika mimi. Akakaa akamalizia kuoga.

Ewoi ameanza kujinyoosha, nina dakika mbili. Naahidi hivi. Akiuliza tena kesho, nitamjibu maneno hayo hayo. Akiuliza akiwa darasa la nne, nitamjibu. Ewoi naye akijua kuuliza, nitamjibu, na yeye nitamwonyesha ile laga kwa kidole. Hakuna mtu atakayewekwa mahali pako ili watoto wasiulize.

Nenda sasa, Ekai. Pumzika. Mimi naenda kumnyanyua mwanao.

Asinyen